Wanakisomo Wangu Wamepungua, Nimekosea Wapi?

Safu ya maswali ya wasomaji. Barua tatu za toleo hili zimetoka pande za Ziwa Viktoria, na zote zinahusu kumfundisha mtu mzima. Anayezijibu ni mwalimu mstaafu wa elimu ya watu wazima anayeishi Mwanza.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nimemaliza kidato cha sita, na tangu mwezi wa pili ninajitolea kufundisha darasa la kisomo katika mwalo mmoja, yaani mahali mitumbwi inapotia nanga na kushusha samaki, wilayani Ilemela. Tulianza na wanakisomo 27, wengi wao akina mama wanaoanika dagaa, pamoja na wavuvi wachache. Sasa wanaofika hawazidi 9, na mvuvi hayupo hata mmoja. Ninafundisha Jumatatu, Jumatano na Ijumaa kuanzia saa nane mchana katika chumba tulichopewa na ofisi ya mtaa, na ninatumia kitabu cha darasa la kwanza nilichoazima shule ya jirani. Juzi wingu lilipotanda upande wa ziwani, darasa zima liliinuka likatoka mbio bila kuaga, nikabaki na chaki mkononi. Nimewaandika watoro. Je, tatizo ni mimi, au ndiyo ule usemi kwamba samaki mkunje angali mbichi?
Mwalimu wa kujitolea, Ilemela

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Nianze na lile wingu, kwa sababu ndani yake mna nusu ya jibu lako. Dagaa akinyeshewa kabla hajakauka huharibika, na bei yake hushuka hadi ya chakula cha kuku. Mama aliyekopa kwenye kikoba ili anunue ndoo zake alfajiri, akaanika asubuhi, akageuza saa sita, kisha akaja kukaa mbele yako saa nane, hakutoroka darasa. Alikimbilia mtaji wa watoto wake. Futa neno utoro katika daftari lako la mahudhurio, na safari nyingine wingu likitanda, weka chaki chini uende ukasaidie kuzoa. Darasa la watu wazima halina kengele wala viboko. Anayekuja amekuja kwa hiari, na hiari hiyo hupimwa upya kila siku dhidi ya kazi inayomlisha.

Kisha tazama ratiba yako. Umepanga siku kwa kufuata juma la shule, lakini mwalo haufuati juma, unafuata mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, na mbalamwezi inapokomaa mwanga wa taa haumvuti tena, hivyo mitumbwi mingi hukaa nchi kavu kwa siku kadhaa mpaka giza lirudi. Wavuvi wako, saa nane mchana siku za giza, wamelala, kwa kuwa usiku kucha walikuwa majini. Ningekuwa mimi, ningekaa nao wote kikao kimoja, nikachora mwezi ubaoni, nikawauliza wao wenyewe ni siku zipi zinawafaa. Inawezekana wakakwambia kwamba siku za mbalamwezi wanaweza kusoma kila siku, saa mbili kwa siku, na kwamba siku za giza akina mama wanataka kipindi kifupi cha dakika 40, tena chini ya mti ulio karibu na vichanja vya kuanikia, mahali ambapo kila mmoja anaziona dagaa zake na anaiona mbingu. Wapo wavuvi wanaorudi makwao mbalamwezi ikiwaka, nao watakueleza. Ratiba waliyoipanga wao wataitetea wao.

Sasa kitabu. Kitabu cha darasa la kwanza kimeandikwa kwa mtoto wa miaka sita ambaye hajui bado bei ya kitu chochote. Ukimpa bibi mwenye wajukuu picha ya mtoto anayecheza mpira na kumtaka aimbe a, e, i, o, u, umemwambia bila kusema kwamba yeye naye ni mtoto, na ile dhihaka ya mtaani ya kumwita mwenzetu ngumbaro, yaani mtu mzima asiyejua kusoma, inapata mahali pa kukaa. Hilo huwaondoa watu darasani kuliko ugumu wa herufi.

Mwalimu wa Kibrazili Paulo Freire, ambaye mwaka 1963 huko Angicos alifundisha vibarua na wakulima wapatao 300 kusoma kwa muda wa saa 40 hivi, hakuanza na alfabeti. Alianza na maneno yaliyotoka vinywani mwao na yaliyobeba maisha yao, akayajadili nao kwanza, kisha akayavunja silabi kwa silabi. Kiswahili chetu kinaifaa njia hii kuliko Kireno chao, kwa kuwa sisi tunaandika kama tunavyotamka. Jaribu na neno dagaa. Liandike kubwa ubaoni, kisha usifundishe kitu kwa robo saa ya kwanza. Uliza: nani anapanga bei ya ndoo hapa mwaloni? Kwa nini ndoo ya huyu imejazwa mpaka kilele na ya yule imekatwa shingoni? Watazungumza, tena kwa moto. Baada ya hapo lipasue neno: da, ga, a. Andika mstari wa da, de, di, do, du, na chini yake ga, ge, gi, go, gu, pamoja na irabu zenyewe, kisha wape kazi ya kuunganisha vipande hivyo ili vitoe maneno wanayoyajua. Nimeifanya kazi hiyo mara nyingi, na haichukui muda mrefu kabla mtu hajapata dada, mwingine dogo, mwingine gogo. Halafu hutokea kimya kidogo, na mmoja anasoma kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kukosea: i-da-di. Mwenzake anapata dai. Mvuvi, akiwepo, anapata dau. Hayo yote yametoka katika silabi kumi na irabu tano, siku ya kwanza, na mama anarudi nyumbani akiwa ameandika kwa mkono wake neno idadi, ambalo kesho atalihitaji.

Wala usidhani ninakuletea ugeni kutoka Brazili. Ukanda huu wetu ndio uliokuwa uwanja wa mradi wa kisomo chenye manufaa uliofanywa na Serikali pamoja na UNESCO kuanzia mwaka 1968 hadi 1972 katika mikoa ya Mwanza, Shinyanga, Mara na Ziwa Magharibi, ambayo sasa ni Kagera. Vitabu vyake vya kiada vilijengwa juu ya kazi za watu: mkulima wa pamba alijifunza kusoma kwa maneno ya pamba, mwenye migomba kwa migomba yake, na mvuvi kwa uvuvi. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka uliofuata Ukerewe, hapo ng'ambo ya maji unayoyatazama kila siku, ilikuwa miongoni mwa wilaya sita zilizopewa lengo la kufuta ujinga wa kusoma na kuandika kabla mwaka haujaisha. Huenda bibi wa mmoja wa wanakisomo wako alisoma wakati huo chini ya mwembe. Waulize, hadithi hizo zinafaa kuandikwa darasani.

Katika hesabu ndipo ninapokuomba uwe mwangalifu zaidi, kwa sababu hapo wengi wa wanakisomo wako wanakuzidi. Usianze na moja kujumlisha moja. Mwambie mama mmoja: umenunua ndoo saba, kila moja shilingi 18,000, jumla ni ngapi? Atakujibu kabla hujamaliza kuandika swali. Sasa mwombe akuambie amepitaje. Yumkini atasema, kumi na nane mbili ni thelathini na sita, mbili nyingine sabini na mbili, mbili nyingine mia na nane, na ile moja, mia ishirini na sita. Andika ubaoni kila anachotamka, 36, kisha 72, kisha 108, kisha 126, halafu muulize zile sifuri tatu alizoziacha nje zirudishwe wapi. Umefundisha kuzidisha, umefundisha thamani ya nafasi, na wakati huohuo darasa zima limeona kwamba kichwani mwa mwenzao mlikuwa na hesabu tangu zamani, ikikosa maandishi tu. Kutoka hapo ni hatua fupi kufika kwenye daftari la madeni na kwenye ujumbe wa simu wa muamala, ambao wengi wao sasa huwapa watoto au mawakala wawasomee, na kila mmoja anajua hatari ya kusomewa salio lake na mtu mwingine.

Kuna jambo ninaloliona katika barua yako ingawa hukulitaja: nina hakika mnaitikia kwa pamoja. Mwalimu anasema ba, darasa linasema ba. Kuitikia kwa pamoja kunapendeza masikioni, lakini sauti ya wengi humficha asiyejua, naye hujificha kwa furaha. Mtu hukumbuka kile alichokivuta mwenyewe kutoka kichwani, kuliko alichokitazama mara kumi. Kwa hiyo kila kipindi kianze na dakika tano za kimya: ubao mtupu, madaftari yamefungwa, kila mmoja aandike kwenye karatasi maneno matatu anayoyakumbuka kutoka kipindi kilichopita, na mara mojamoja neno la wiki mbili zilizopita. Atakayesahau asiaibishwe, kule kutafuta kwenyewe ndiko kunakolipanda neno.

Kuhusu aibu, nikuungamie kosa langu. Nilipoanza kazi hii nikiwa na umri kama wako, nilisahihisha daftari la mzee mmoja kwa kalamu nyekundu, nikampigia alama za makosa ukurasa mzima kwa sababu aliandika mkurima na kurima. Sikuwaza kwamba l na r huchanganyika katika vinywa vya watu wengi wa kwetu, kutegemea lugha ya nyumbani, na kwamba mzee yule aliandika sawasawa kile alichokisikia. Hakusema neno. Alilifunga daftari, akavaa kofia yake, na sikumwona tena darasani. Tangu siku hiyo nimesahihisha kwa penseli, nikiwa nimekaa ubavuni mwa mtu, si mbele yake, na nimeanza kila mara na kile alichopatia. Waite kwa majina wanayoitwa mwaloni, Mama Fulani, Baba Fulani, Bibi. Na shikamoo iwe yako wewe kwanza, ijapokuwa mwalimu ni wewe. Inapobidi kufafanua kwa Kisukuma, Kijita au Kikerewe, fafanua bila woga, maandishi yabaki Kiswahili.

Kwa upande wa ile methali, mimi naiona ya malezi, si ya herufi. Nenda ukamwone Afisa Elimu ya Watu Wazima wa halmashauri yako ili darasa liandikishwe na upate vitabu vilivyotungwa kwa ajili ya watu wazima. Na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina kampasi Luchelele, si mbali na wewe, ambako utapata wa kumuuliza zaidi yangu.

SWALI: Mimi ni mvuvi wa miaka 56, naishi Nansio. Nilijiunga na darasa la kisomo mwaka huu nikafurahi sana, ila kila nikikaa dakika kumi na kitabu herufi zinacheza, kichwa kinauma, na naona vijana wananipita. Mwalimu anasema nisikate tamaa, lakini mimi naona akili yangu imekwisha kuzeeka. Niache?
Msomaji, Ukerewe

JIBU: Usiache, ndugu yangu, na kabla hujailaumu akili, yajaribu macho. Chukua kitabu chako, kishike karibu na uso, kisha kisogeze mbali polepole. Kama maandishi yanazidi kutulia kadiri mkono unavyonyooka, una hali inayompata karibu kila mtu kuanzia miaka ya arobaini hivi, ambapo lenzi ya jicho hukakamaa na kushindwa kujikunja kwa ajili ya vitu vya karibu. Mtu anayesoma kila siku huligundua mapema akanunua miwani. Wewe uliyekuwa ukitazama maji, nyavu na njia hukuwa na sababu ya kuligundua, kwa kuwa ya mbali unayaona vizuri. Nimeshuhudia wanakisomo walioitwa wazito kwa miezi, wakavalishwa miwani ya kusomea ya jirani kwa majaribio, na wakausoma mstari mzima palepale. Hata hivyo usiishie kwenye miwani ya meza ya sokoni. Nenda hospitali upimwe, kwa sababu yapo magonjwa ya macho, kama shinikizo la jicho, ambayo huja kimyakimya na hayaonyeshwi na jaribio la kusogeza kitabu. Ukae pia karibu na dirisha, mgongo au bega likielekea kwenye mwanga, na umwombe mwalimu aandike herufi kubwa.

Kuhusu umri wenyewe, ni kweli kwamba kijana hudaka kitu kipya haraka zaidi. Lakini haraka si sawa na uwezo. Wewe ukikutana na neno wavu, unaliunganisha na miaka thelathini ya nyavu, na neno lililofungwa kwenye mambo mengi halichomoki kirahisi. Unachohitaji ni muda zaidi na vipindi vifupi vya mara kwa mara: robo saa asubuhi na robo saa jioni zitakusaidia kuliko saa tatu za Jumapili peke yake. Vijana waache wapite. Hampandi basi moja.

SWALI: Mimi ni fundi wa injini za boti. Kikundi cha usimamizi wa uvuvi mwaloni kwetu kimeniomba niwafundishe wavuvi kutunza injini kwa siku mbili. Safari iliyopita nilieleza kila kitu kuanzia mwanzo, nikachora hadi mfumo wa mafuta, lakini wengine walisinzia na wengine wakasema wametumia injini miaka kumi, hawana la kufundishwa. Wote wanajua kusoma. Nifanyeje safari hii?
Fundi, Sengerema

JIBU: Fundi, hao wenye miaka kumi ndio vitabu vyako, nawe uliwafunika ukawasomea chako. Safari hii usianze na mchoro. Wapeleke kwenye injini iliyofunguliwa, uulize swali moja: mara ya mwisho ilipokuzimikia katikati ya maji, ulifanya nini, hatua kwa hatua? Waache watatu au wanne waeleze, na wengine wabishane nao. Katika ubishi huo utasikia yanayofanywa vizuri, nawe uyasifu kwa jina la mwenyewe, na utasikia kosa moja au mawili yanayojirudia. Fundisha hayo tu. Siku mbili hazitoshi kufundisha injini nzima, ila zinatosha kuondoa makosa mawili.

Nitabahatisha moja: kipimo cha oili inayochanganywa na petroli. Wengi hukadiria kwa jicho au kwa kifuniko cha chupa, wakiamini kwamba oili ikizidi ndiyo injini inalindwa zaidi, kumbe plagi inajaa masizi na injini inazima mbali na nchi kavu. Usiwahutubie. Leta plagi mbili, iliyojaa masizi na iliyo safi, uwape washike, waseme wenyewe zimetoka kwenye injini za namna gani. Kisha leta dumu la lita 20 na chupa yenye alama za mililita, uwaulize: kama mtengenezaji ameagiza oili sehemu 1 kwa petroli sehemu 50, dumu hili linataka oili kiasi gani? Wape muda wagombane na hesabu. Wakifika kwenye mililita 400, kila mtu apime kwa mkono wake, atie alama ya kalamu ya wino kwenye chupa atakayokwenda nayo, baada ya kuthibitisha kipimo cha injini yake mwenyewe, maana injini hazifanani.

Kampeni ya elimu ya afya ya Mtu ni Afya, ya mwaka 1973, ilikwenda kwa mtindo huo: watu walikaa vikundi wakasikiliza redio, wakajadili yanayowahusu, kisha wakaamua kitu cha kufanya pale walipo, kama kuchimba choo, na hawakuishia kwenye kusikiliza. Wavuvi wako nao wasiondoke bila jambo walilolifanya kwa mikono. Chakula cha mchana kiwe chepesi, na kipindi cha baada yake kiwe cha kufungua na kufunga plagi, wakiwa wamesimama.